Baada ya kitanzi: Uganda na Kenya zinavyotafuta hatima ya wafungwa wa makosa ya damu

Kwa takriban miongo miwili sasa, mahakama za Uganda na Kenya zimekuwa zikiwaondoa wafungwa kwenye orodha ya wanaosubiri kunyongwa, mara mmoja mmoja, mara kwa mamia. Swali lililobaki limekuwa gumu kuliko lile la awali. Mtu aliyeua, akaponea kitanzi, kisha akakaa gerezani miaka 20 akisoma na kufanya kazi, afanywe nini? Makala haya yanaeleza jinsi swali hilo lilivyozuka, hoja za wanaotaka adhabu na za wanaotaka urekebishaji, na mahali ambapo sheria ingali kimya.

Shauri lililoanzia Luzira

Luzira iko kando ya Ziwa Victoria, kilomita chache kutoka katikati ya jiji la Kampala. Gereza lake la ulinzi mkali lilijengwa na Waingereza katika miaka ya 1920, na ndimo kilimo chumba cha kunyongea. Mwaka 1999 wafungwa 28 walinyongwa humo. Tangu hapo hakuna aliyenyongwa Uganda kwa hukumu ya mahakama ya kiraia, lakini hukumu zenyewe ziliendelea kutolewa, na orodha ya waliosubiri ikazidi kurefuka.

Mwaka 2003 wafungwa zaidi ya 400 wa orodha hiyo, wanaume kwa wanawake, walifungua shauri la pamoja katika Mahakama ya Katiba. Shauri hilo lilipewa jina la Susan Kigula, aliyehukumiwa kifo mwaka 2002 kwa kumuua mwenzi wake, kosa ambalo mwenyewe alilikana. Wafungwa hao waliiomba mahakama itamke kwamba adhabu ya kifo inakiuka katiba. Kwamba, hata kama haikiuki, hakimu asilazimishwe kuitoa. Kwamba kumweka mtu miaka mingi akisubiri kamba ni mateso. Na kwamba kunyonga ni njia ya kikatili.

Mahakama ya Katiba ilitoa uamuzi mwezi Juni 2005, na Mahakama ya Juu ikauthibitisha tarehe 21 Januari 2009. Adhabu ya kifo ilibaki, na kunyonga kukabaki. Hata hivyo, majaji walikubali mambo mawili. Kwanza, sheria haiwezi kumfunga jaji mikono kwa kumlazimisha atoe adhabu ya kifo bila kumsikiliza mkosaji kuhusu mazingira ya kosa na maisha yake. Pili, mfungwa ambaye hukumu yake imethibitishwa na mahakama ya mwisho, kisha ikapita miaka mitatu bila kutekelezwa, adhabu yake igeuke kuwa kifungo cha maisha.

Wale ambao rufaa zao hazikuwa zimekwisha walirudishwa Mahakama Kuu ili wapangiwe adhabu upya. Kigula alikuwa mmoja wao. Mwaka 2011 alipewa kifungo cha miaka 20, na mwaka 2016 akatoka gerezani. Akiwa bado ndani, alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha London kwa masomo ya masafa.

Kenya yafuata kwa njia yake

Nchini Kenya watu wa mwisho kunyongwa walikuwa wanajeshi waliopatikana na hatia kuhusu jaribio la mapinduzi la mwaka 1982. Walinyongwa katika gereza la Kamiti mwaka 1987. Baada ya hapo majaji waliendelea kutoa hukumu ya kifo kwa makosa ya mauaji na wizi wa kimabavu, nao marais wakawa wanaipunguza orodha kwa kalamu. Mwezi Agosti 2009 Rais Mwai Kibaki aliwabadilishia adhabu wafungwa zaidi ya 4,000 kuwa kifungo cha maisha. Mwezi Oktoba 2016 Rais Uhuru Kenyatta akafanya vivyo hivyo kwa wafungwa 2,747.

Tarehe 14 Desemba 2017, katika shauri la Francis Muruatetu na mwenzake, Mahakama ya Juu ya Kenya ilitamka kwamba kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kosa la mauaji ni kinyume cha katiba. Uzito wa uamuzi huo uko pia katika orodha ya mambo ambayo majaji waliagizwa kuyapima wanapopanga adhabu upya. Orodha hiyo inataja umri wa mkosaji, kama ni kosa lake la kwanza, kama alikiri, tabia na rekodi yake, majuto yake, na uwezekano wa kurekebika na kurejea katika jamii.

Kwa hatua hiyo, urekebishaji uliingia katika mizani ya mahakama kwenye kesi za mauaji. Cheti cha ufundi, ripoti ya ofisa wa gereza, barua ya kuomba radhi: karatasi ambazo awali hazikuwa na mahali pa kupelekwa sasa zilikuwa na meza ya kuwekwa.

Wimbi lililofuata lilikuwa kubwa kuliko ilivyotarajiwa. Si wauaji pekee waliorudi mahakamani, bali pia waliofungwa kwa wizi wa kimabavu na kwa kuwanajisi watoto. Tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Juu ilitoa maelekezo kwamba uamuzi wa mwaka 2017 ulihusu mauaji peke yake, na kwamba makosa mengine yatahitaji mashauri yake yenyewe. Wafungwa waliokuwa wakisubiri zamu yao wakabaki walipokuwa.

Kifungo cha maisha ni miaka mingapi?

Kitanzi kilipoondolewa, pengo lake lilijazwa na kifungo cha maisha, na hapo nchi zote mbili zikagundua kwamba hazikuwa zimekubaliana maana ya maneno hayo.

Sheria ya Magereza ya Uganda ya mwaka 2006 inasema kwamba, kwa ajili ya kukokotoa punguzo la kifungo, kifungo cha maisha kihesabiwe kuwa miaka 20. Punguzo ni ile sehemu, kwa kawaida theluthi moja, ambayo mfungwa mwenye nidhamu husamehewa. Lakini mwaka 2011, katika shauri la Tigo Stephen, Mahakama ya Juu ilifafanua kwamba kifungo cha maisha ni cha uhai wote wa mtu, hadi kufa. Nao wale walionusurika kunyongwa kwa sababu ya kupita miaka mitatu walipewa kifungo cha maisha bila punguzo lolote. Mwongozo wa adhabu uliotolewa mwaka 2013 ukaweka miaka 35 kuwa kianzio kwa kosa la mauaji, na jaji huongeza au hupunguza kutoka hapo. Kwa hiyo Uganda ilipolegeza kamba, ilirefusha mnyororo.

Kenya ilipita njia nyingine. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilikataa kuweka idadi ya miaka na kupendekeza Bunge lifafanue. Mwezi Julai 2023 Mahakama ya Rufaa iliyoketi Malindi ililichukua suala hilo mikononi mwake. Mbele yake alikuwapo mtu aliyehukumiwa kifungo cha maisha kwa kumnajisi mtoto wa umri wa takriban miaka minne. Majaji walisema kifungo kisicho na mwisho kinaidhalilisha hadhi ya binadamu na kumnyima mfungwa tumaini la kubadilika, wakampa miaka 40. Mwezi Aprili 2025 Mahakama ya Juu ilitengua uamuzi huo na kurejesha kifungo cha maisha. Suala la kikomo likarudi lilikokuwa mwaka 2017, mbele ya wabunge.

Kinachofanyika ndani ya kuta

Urekebishaji hutajwa mara nyingi kana kwamba ni huruma. Kwa wanaousimamia ni kazi ya kila siku. Luzira kuna shule inayoanzia madarasa ya msingi na kuwafikisha wafungwa katika mitihani ya taifa, na walimu wengi ni wafungwa wenyewe. Shule ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Makerere hutoa mafunzo humo humo. Wafungwa wana ligi ya kandanda yenye katiba yake, viongozi wake na timu zilizopewa majina ya klabu za Uingereza. Mchezaji anayepigana hufungiwa kwa kanuni ambazo wafungwa wenyewe wamezitunga. Kwa mtu aliyezoea kumaliza ugomvi kwa panga, kutii filimbi ya mwamuzi ambaye ni mfungwa mwenzake ni zoezi lisilo dogo.

Mpango wa elimu ya sheria ulioendeshwa na shirika la African Prisons Project, ambalo sasa linaitwa Justice Defenders, ulikwenda mbali zaidi. Katika magereza ya Uganda na Kenya, wafungwa na askari magereza walisoma pamoja shahada ya sheria, wakitumia vitabu vilevile. Waliohitimu huwasaidia wenzao kuandika rufaa.

Nchini Kenya mabadiliko hunasibishwa na Moody Awori, aliyekuwa waziri anayehusika na magereza na Makamu wa Rais kati ya mwaka 2003 na 2008. Sera yake ya milango wazi iliruhusu magodoro, televisheni, siku za familia kutembeleana na waandishi wa habari kuingia. Lakini mwezi Aprili 2008 askari magereza waligoma wakidai marupurupu na makazi bora. Mgomo huo ulikumbusha jambo linalosahaulika: mfungwa hurekebishwa na askari, na askari anayelala na familia yake katika kibanda cha mabati hana sababu kubwa ya kuiamini sera hiyo.

Lipo na tatizo la nafasi. Magereza ya Uganda yamebeba watu zaidi ya mara tatu ya uwezo wake, na karibu nusu yao ni mahabusu ambao kesi zao hazijakwisha. Maafisa wa magereza wa Uganda wamekuwa wakijivunia kiwango cha chini cha wafungwa wanaorudia uhalifu. Takwimu hiyo yafaa isomwe kwa uangalifu. Wanaotoka kwa wingi ni wenye vifungo vifupi, ilhali wafungwa wa makosa ya damu wengi wao hawajatoka, hivyo hawajapimwa. Isitoshe, cheti cha useremala si dawa ya hasira, wala diploma ya biashara haigusi chanzo cha mtu kumpiga mkewe hadi kufa. Kazi hiyo inahitaji wanasaikolojia na washauri nasaha, nao magerezani ni wachache mno.

Hoja ya wanaotaka adhabu

Ni kosa kudhani kwamba anayedai adhabu kali ana kiu ya damu. Hoja yake ya kwanza ni ya uwiano: aliyeiondoa roho ya mtu hawezi kulipa kwa kiasi kile kile anacholipa mwizi wa ng'ombe. Mwongozo wa sera ya adhabu wa Kenya wa mwaka 2016 ulitaja madhumuni sita ya adhabu, na malipo kwa kosa lililotendwa yalikuwamo humo pamoja na kuzuia uhalifu, kurekebisha, kupatanisha, kuilinda jamii na kulaani uovu. Urekebishaji ulikuwa dhumuni moja katika hayo.

Hoja ya pili ni ya aliyedhulumiwa. Familia ya marehemu huambiwa siku ya hukumu kwamba muuaji atakaa ndani maisha yake yote. Miaka kumi baadaye husikia redioni kwamba kesi inafunguliwa upya, na kwamba mahakama itasikia habari za vyeti vyake. Sheria ya Kenya ya kuwalinda waathiriwa, ya mwaka 2014, inawapa haki ya kusikilizwa. Hata hivyo, haki hiyo huwa na maana pale tu anapokuwepo mtu wa kuwatafuta, kuwaarifu na kuwalipia nauli ya kufika mahakamani.

Hoja ya tatu inahusu amani ya mitaani. Ripoti za polisi ya Uganda hutaja mamia ya watu wanaouawa na makundi yenye hasira kila mwaka. Watetezi wa adhabu kali husema kwamba wananchi wakiona mahakama zinalegeza, watazidi kujichukulia sheria mkononi. Hoja hii ina ukweli, ila si wote. Wanaomchoma mtuhumiwa hawafanyi hivyo kwa sababu mfungwa fulani alipewa miaka 30 badala ya maisha. Hufanya hivyo kwa sababu hawaamini kama atakamatwa, atafikishwa mahakamani au atapatikana na hatia. Dawa ya hilo iko kwa mpelelezi na mwendesha mashtaka kabla ya kufika kwa mkuu wa gereza.

Nani aamue kwamba mtu amebadilika?

Ukizipima hoja hizo zote kwa pamoja, mgogoro halisi hauko kati ya adhabu na urekebishaji. Jaji anaweza kutoa adhabu nzito, na gereza likaanza kumrekebisha mfungwa siku hiyo hiyo. Pengo liko mwishoni mwa safari, kwa kuwa hakuna mlango unaojulikana ambapo kazi ya gereza inakaguliwa na mtu mwenye mamlaka.

Kwa sasa mlango uliopo ni msamaha wa rais. Ibara ya 133 ya Katiba ya Kenya inamtaka rais apate ushauri wa kamati, na inairuhusu kamati hiyo kuzingatia maoni ya waliodhulumiwa. Ibara ya 121 ya Katiba ya Uganda nayo inaweka kamati inayoongozwa na Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Lakini msamaha ni hisani. Mfungwa hawezi kuudai na hapangiwi tarehe. Akikataliwa, hana hukumu ya kukatia rufaa. Familia ya marehemu nayo inaweza kupata habari wakati muuaji amekwisha kurudi kijijini.

Njia nyingine inajulikana. Mwezi Julai 2013 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, katika shauri la Vinter dhidi ya Uingereza, ilisema kwamba nchi ina haki ya kumfunga muuaji maisha, ila lazima uwepo wakati wa kupitia upya kifungo hicho, na ikaashiria kipindi kisichozidi miaka 25. Mahakama hiyo haikusema kwamba mfungwa lazima aachiliwe. Anayebaki kuwa hatari hubaki ndani. Kinachotakiwa ni swali liulizwe na jibu liandikwe.

Mawazo haya si mageni Afrika. Azimio la Kampala kuhusu hali ya magereza lilipitishwa mwezi Septemba 1996 katika mji huo huo wenye Luzira. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinazoitwa Kanuni za Mandela, zilizopitishwa mwezi Desemba 2015, zinasema kwamba kifungo huilinda jamii pale tu muda wake unapotumika kumwandaa mfungwa kuishi kwa kufuata sheria atakapotoka.

Tanzania, Rwanda na Burundi

Tanzania haijamnyonga mtu tangu mwaka 1994, lakini sheria yake ingali inamlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kosa la mauaji. Tarehe 28 Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamuru sharti hilo liondolewe. Nchi hiyo ina sheria ya Bodi za Parole tangu mwaka 1994, bodi ambazo hupendekeza mfungwa amalizie kifungo chake nje kwa masharti. Hata hivyo, waliohukumiwa kifo au maisha hawaguswi na sheria hiyo.

Hapa Rwanda adhabu ya kifo ilifutwa mwaka 2007, na Burundi ikafuata mwaka 2009. Msikilizaji wa Rwanda hahitaji kuelezwa uzito wa kuishi tena jirani na aliyeua. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, zaidi ya watu 100,000 walikuwa magerezani. Mahakama za gacaca, zilizofungwa rasmi mwezi Juni 2012, ziliwapunguzia adhabu waliokiri na kuomba radhi, na wengi walitumikia sehemu ya kifungo kwa kazi za manufaa ya umma. Utaratibu huo ulikosolewa, hasa kuhusu haki za watuhumiwa na usalama wa mashahidi, na msamaha uliotamkwa hadharani haukuwa wa moyoni kila mara. Lakini ulikuwa na jambo moja ambalo mifumo ya Uganda na Kenya bado inalitafuta: manusura aliketi pale, alisikia kukiri kwa masikio yake, na aliweza kuuliza maiti ya ndugu yake ilitupwa wapi.

Hali ilivyo sasa

Uganda na Kenya zina magereza yenye shule, warsha na walimu, na zina majaji walioagizwa kuyatazama mabadiliko ya mkosaji. Bado hazina chombo huru chenye mamlaka ya kupitia kifungo cha maisha baada ya muda uliowekwa, kusikiliza gereza na familia ya marehemu kwa pamoja, kisha kumwachia mfungwa au kumkatalia kwa sababu zilizoandikwa. Kukiunda ni kazi ya wabunge, na katika siasa si kazi yenye kura nyingi.

Kwa sasa kijana wa miaka 25 anayehukumiwa maisha leo katika nchi hizo anaweza kuanza darasa la kwanza gerezani na kufika chuo kikuu, bila kujua ni mwaka gani mtu atamwita kumwuliza amekuwa mtu wa namna gani. Mama wa kijana aliyeuawa naye hajui ni mwaka gani ataulizwa.